Tutunze Maji Baridi ya Mito Yetu

Hotuba ya Kamati ya Maji na Ardhi, iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya chama chetu kikuu cha ushirika



Twashukuru kwa heshima tuliyopewa sisi wa Kamati ya Maji na Ardhi, kusimama mbele yenu siku hii ya furaha. Miaka kumi si haba. Siku chama chetu kilipoandikishwa walikuwako waliosema kwamba hakitafika mwaka wa tatu, na wengine wao wameketi hapa leo nao ni wanachama hodari. Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za kilo za kahawa, za malipo ya wakulima na za deni tulilolimaliza, wala hatuna haja ya kuyarudia. Sisi tumepewa jambo ambalo halimo katika daftari la hesabu, ijapokuwa bila ya jambo hilo daftari lenyewe lingekuwa tupu. Jambo hilo ni maji ya mito yetu, na hasa ubaridi wa maji hayo.

Huenda mtu akauliza: Ubaridi nao una nini? Maji ni maji, yawe ya baridi au ya vuguvugu, kahawa itaoshwa na ng'ombe atakunywa. Nasi tulidhani hivyo hivyo, mpaka tulipofundishwa na samaki.

Wengi wenu mwakumbuka mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Mvua zilikuwa zimetuponyoka msimu baada ya msimu, na zile za vuli zilichelewa. Asubuhi moja watoto waendao shule walikuta samaki wamekufa katika kidimbwi kilicho chini ya kimojawapo cha viwanda vyetu vya kahawa. Walikuwa trauti, wakubwa kwa wadogo, matumbo juu. Kaa wa mtoni nao walikuwa wametoka majini, wamepanda juu ya mawe kama watu waliokimbia nyumba inayofuka moshi. Habari zilienea upesi. Wengine walisema ni sumu, wengine wakawataja majirani kwa majina, na kidogo ugomvi uingie baina ya wanachama wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile.

Kamati yetu ilitumwa kuchunguza. Tulipanda na mto tangu asubuhi hata jioni, tukiwa na kipimajoto kimoja na watu wanne. Sumu hatukuiona. Tuliona mambo matatu, na yote matatu yalitoka katika mikono yetu wenyewe. Kwanza, mashimo ya kiwanda chetu yaliyochimbwa kupokea maji machafu yalikuwa yamejaa hata yakafurika, na ute wa kahawa ukawa unateremka mtoni. Pili, juu ya kiwanda zilikuwako pampu nyingi za kumwagilia mboga, zote zikivuta saa za mchana, hata mto ukawa kama kamba. Tatu, kwa mwendo mrefu kingo zote mbili zilikuwa wazi. Miti ilikuwa imekatwa, mashamba yamefika majini, na jua lilikuwa likipiga moja kwa moja juu ya mawe na juu ya maji haba.

Lakini tuliona na jambo la nne. Mahali pamoja, chini ya mkuyu mkubwa, chemchemi hububujika kutoka ukingoni na kuingia katika kidimbwi chenye kina. Tulipotia mguu tulishtuka kwa baridi, na kipimajoto kilionyesha joto pungufu kwa nyuzi kadhaa kuliko mkondo mzima. Mle ndani samaki waliobaki hai walikuwa wamekusanyika, ubavu kwa ubavu, kama wasafiri waliokutana chini ya paa moja wakati wa mvua. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mto una vyumba vyake, na kwamba siku ya shida uhai wote wa mto waweza kutegemea chumba kimoja.

Ndugu wanachama, sababu ya jambo hili si ya siri. Samaki huvuta hewa iliyomo majini, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kuishika hewa hiyo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 10 za sentigredi yaweza kubeba miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 20 hubeba 9, na yakifika 25 hubeba 8 na kidogo tu. Hesabu hiyo ni ya pwani. Huku kwetu milimani, ambako hewa ni nyepesi, kiasi hupungua zaidi. Na wakati hewa inapopungua, mwili wa samaki katika joto hufanya kazi kwa haraka zaidi na kuhitaji hewa nyingi zaidi. Mapato yanashuka na matumizi yanapanda. Kila mweka hazina ajua mwisho wa hesabu ya namna hiyo. Trauti huanza kutaabika maji yanapozidi nyuzi 20, na yanapokaribia 25 yuko ukingoni mwa mauti. Ukiongeza ute wa kahawa, ambao katika kuoza kwake hula hewa ile ile iliyobaki, basi kifo cha siku ile hakikuhitaji sumu yo yote.

Atasimama mtu aseme, na kwa haki, kwamba trauti si samaki wetu. Ni kweli. Mayai ya trauti wa kwanza yaliletwa na Mzungu mmoja aitwaye Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Loch Leven, nchi ya Uskoti, na samaki wake wakatiwa katika mto Gura, utokao milima ya Nyandarua. Baba zetu hawakumjua, na kwa muda mrefu hawakuruhusiwa hata kumvua. Wala hatuombi apandishwe katika vijito ambavyo hayumo, kwa maana yeye hula wadogo wenye asili ya huku. Lakini shahidi haulizwi alikozaliwa, huulizwa alichokiona. Trauti hawezi kuvumilia maji ya moto wala maji machafu, kwa hiyo anapokufa yeye, ametutangulia kutuambia habari ya wengine wote: kaa, vyura, viluwiluwi, na wadudu wale wadogo waishio chini ya mawe ambao ndio chakula cha ndege na samaki. Hao ni wenyeji tangu kale, wala hawana mahali pengine pa kwenda.

Mwenzetu mmoja wa nchi hii alilisema jambo hili mbele ya dunia nzima. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo mwezi wa Desemba mwaka 2004, hakuwasimulia wakubwa wale habari za majumba. Aliwasimulia juu ya kijito kilichokuwa karibu na nyumbani kwao, alikochota maji utotoni kati ya majani ya nduma, akijaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, na baadaye akaona viluwiluwi. Akasema kwamba kijito kile kilikuwa kimekauka. Kila mmoja wetu mwenye umri wa miaka hamsini ana kijito cha namna hiyo moyoni mwake.

Tusijidanganye kwamba mlima utatuokoa kwa barafu yake. Barafu ya Lewis juu ya Mlima Kenya ilipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Ni jambo la kusikitisha. Hata hivyo, ukweli ni kwamba maji mengi ya mito yetu hayatoki katika barafu. Yatoka katika mvua na ukungu vinavyopokewa na msitu, vikazama ardhini polepole, na kutokea tena katika chemchemi na maeneo ya chepechepe. Maji yaliyokaa chini ya ardhi hayalijui jua la mchana, ndiyo maana hutoka baridi. Basi kiwanda cha kutengeneza ubaridi ni msitu, udongo, bwawa la matete na kivuli. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa azimio la mkutano wetu, wala hewa ya dunia inayozidi kupata joto hatuwezi kuipoza peke yetu. Bali kivuli twaweza kukipanda, na chemchemi twaweza kuzizungushia ua.

Wala si sisi peke yetu tuliopatwa na haya. Katika mto Columbia, nchi ya Marekani, maji ya kiangazi hupita nyuzi 20. Samoni wanaopanda kutoka baharini kwenda kuzaa huuacha mkondo mkuu wakaingia vinywani mwa vijito baridi, wakapumzika humo, kisha wakaendelea na safari. Mwaka 2015, joto lilipozidi kipimo, samoni zaidi ya laki mbili walikufa katika mto ule na matawi yake. Mwaka 2021 idara ya serikali yao inayoangalia mazingira ilitoa mpango wa kuyalinda makimbilio hayo ya baridi, na kuyataja 12 yaliyo makuu. Na huko Uskoti, alikotoka trauti wetu, mito mingi ilipita nyuzi 23 katika kiangazi cha mwaka 2018, na sasa watu wanapanda miti ya asili kwenye kingo za mito kama Dee, kusudi samaki wapate kivuli. Nchi ya baridi kama ile inapanda kivuli. Je, sisi tulio juu ya mstari wa Ikweta tungoje nini?

Sasa tuje kwenye kazi. Kamati yetu yaleta mapendekezo matano, nayo hatukuyatoa vitabuni tu. Mengine tumekwisha kuyajaribu.

La kwanza ni kujua mahali penye baridi. Kila tawi la chama lichague watu wawili, mmoja mzee aijuaye mito na mmoja kijana ajuaye kuandika vipimo, watembee mto wao katika miezi ya Januari hadi Machi, wakati wa jua kali. Wapime saa kumi na mbili asubuhi na tena saa tisa alasiri. Mahali ambapo vipimo viwili havitofautiani sana, hapo pana chemchemi au kivuli au kina, na hapo ndipo pa kutiwa alama. Huwezi kulinda ghala usilojua mlango wake.

La pili ni kingo. Kanuni za nchi za mwaka 2006 juu ya ubora wa maji zilikataza kulima na kujenga katika ukingo wa mto, kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, kulingana na upana wa mto wenyewe. Kanuni hiyo twaijua sote na wengi twaivunja. Tuanze na yale mahali ya baridi. Tuondoe mikaratusi iliyo katika chemchemi, kwa maana huyanywa maji mengi mno, na badala yake tupande mikuyu, miringa na mianzi ya asili. Ng'ombe wasishuke chemchemini. Wajengewe birika kando.

La tatu ni maji ya kumwagilia. Hatusemi mtu asimwagilie. Twasema achote wakati wa mvua, maji yalipo mengi, akayaweke katika kisima chake cha akiba kilichotandikwa karatasi ya nailoni. Wakati wa kiangazi pampu zivute kwa zamu, usiku au alfajiri, zisiukaushe mto saa za jua. Sheria ya Maji yenyewe yataka kiasi fulani kibaki mtoni kwa mahitaji ya watu na ya viumbe, kabla ya mtu ye yote kupewa kibali.

La nne latuhusu sisi kama chama, nalo twalisema kwa aibu. Viwanda vyetu haviwezi kuwahubiria wakulima huku mashimo yake yakifurika. Baada ya mwaka 2022 kiwanda kile kilianza kuyatumia maji ya kumenyea zaidi ya mara moja kabla ya kuyatoa, mashimo yakachimbwa upya mbali na mto, na maganda yakapelekwa mashambani kuwa mbolea. Gharama ilikuwako, lakini maji tunayovuta mtoni yamepungua, na kidimbwi kile kina uhai tena. Tunaomba viwanda vyote vilivyobaki vifanye hivyo kabla ya msimu ujao.

La tano ndilo lililotuleta hasa, nasi twawaomba mlisikilize kwa subira. Ule mkuyu tuliousema, wenye chemchemi chini yake, umo katika shamba la mama mmoja mwanachama wetu. Tulipofika kwake jioni ile, tukiwa na furaha ya watu waliogundua hazina, tulimweleza kwamba mahali pale ni muhimu mno, asilime na asikate. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza, "Wanangu, huo mkuyu nilikuwa nimekwisha kupatana bei na mchana mbao, kwa ajili ya karo ya mjukuu wangu. Na hapo penye maji ndipo nduma zangu hukubali. Mkiniambia nipaache, mtoto huyu atasomeshwa na samaki?"

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda zetu tukiwa tumenyamaza. Tumeyafikiri maneno yake tangu siku ile, na leo twakiri mbele yenu kwamba yeye alikuwa na haki na sisi tulikuwa na nusu ya haki. Ubaridi ule wautumia wote walio chini yake: kiwanda, wanaomwagilia, wanaokunywa, samaki na kaa. Lakini gharama yake yote yamwangukia mtu mmoja, kwa sababu tu ya mahali shamba lake lilipo. Tukimwachia mzigo huo peke yake, mkuyu utakatwa. Usipokatwa na yeye utakatwa na mwanawe, na hakuna kanuni wala polisi awezaye kulala chini ya kila mti.

Basi, ndugu wanachama, ushirika ni nini kama si kuuchukua pamoja mzigo usiochukulika na mmoja? Tulipoanzisha chama hiki hakuna mkulima aliyeweza kujenga kiwanda peke yake, wala kuuza kahawa yake peke yake kwa bei ya haki. Tukatoa senti kidogo kidogo kwa kila kilo, na leo viwanda vimesimama. Twapendekeza tufanye vivyo hivyo kwa maji baridi. Katwe sehemu ndogo katika kila kilo ya kahawa, kiasi kitakachoamuliwa na mkutano huu, iwekwe katika mfuko wake peke yake. Wanachama wenye chemchemi na vidimbwi vilivyotiwa alama walipwe kila mwaka kwa kuvitunza, wapewe miche ya miti na nyasi za kulisha mifugo zinazofaa kupandwa juu ya ukingo, na hesabu isomwe hadharani. Jambo hili si geni katika nchi yetu: tangu mwaka 2015 uko mfuko wa maji ya Tana ya juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima wa milimani kutunza udongo na maji yanayotumiwa na walio chini.

Yule mama hakuukata mkuyu wake. Wajumbe wa kamati tulichanga mifukoni mwetu karo ya mhula mmoja, naye akasema atangoja aone kama chama kina neno. Amengoja mpaka leo. Yumo humu ukumbini, nasi hatutamtaja jina lake, maana hakuomba kutajwa. Lakini jibu analolingoja si la kamati, ni lenu.

Watakuja watakaoona kwamba jambo hili ni dogo kwa siku kubwa kama ya leo: kidimbwi kimoja, mti mmoja, samaki wachache. Twawakumbusha kwamba mito haifi kwa siku moja. Hufa kidimbwi baada ya kidimbwi, na kila kimoja kilipokuwa kikifa mtu fulani alisema ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukimaliza vile vile.

Mungu akitujalia, chama hiki kitaadhimisha miaka ishirini. Wengine wetu hatutakuwako. Lakini twatumaini kwamba siku hiyo mtoto aendaye shule atashuka mtoni, atatia mguu chini ya mkuyu ule, na atashtuka kwa baridi kama tulivyoshtuka sisi. Kitabu cha azimio kiko mezani kwa Katibu. Shime, ndugu wanachama, tupige kura kabla hatujaenda kula.